Gitaa la Baba na Ngoma ya Mjomba

Juzi sokoni Ruangwa nilimwona kijana akipasha ngoma kwenye moto wa majani makavu, na ile harufu ya ngozi inayokaribia kuungua ikanirudisha uani kwetu Nachingwea.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, niliisikia harufu hiyo nikajua kuna nyama. Nikachukua sahani, nikakaa karibu na moto, nikasubiri. Kumbe ni mjomba, kaka yake mama, Mmakonde, aliyekuwa anakaza ngozi ya ngoma yake. Baba, Mmwera aliyejifunza gitaa misheni, alikuwa akipiga kwenye bendi ya jazz ya mjini, na alitaka ngoma ile iingie kwenye bendi.

"Shemeji, sauti ya ngoma yako iko chini," baba alisema.

"Haiko chini. Gitaa lako ndilo liko juu. Nikiongeza moto, ngozi itapasuka."

Baba akaanza kulegeza nyuzi, mmoja baada ya mwingine, sikio lake likiwa kwenye ngoma. Mimi niliona aibu. Niliamini baba ameshindwa, tena kwenye uwanja wake mwenyewe. Leo najua kwamba anayeweza kusogea ndiye anayesogea.

Walipoanza kupiga, mama aliweka chini sufuria aliyokuwa akiisugua. Akaimba kwa Kimakonde, lugha ambayo nyumbani kwetu nilizoea kumsikia akinung'unika nayo peke yake jikoni.

Baba hakuelewa hata neno moja, lakini gitaa lake lilimfuata mpaka mwisho.