Nilisema ndege inafanya siku mbili

Kosa ni langu, sitamutupia muntu mwingine. Jina langu ninaficha. Ya wengine bote niko nakumbuka, na hiyo njo azabu yangu.

Beatrisi, muke wa mutoto wangu Kasongo, alikufa hapa Kamina, homa ya siku tatu tu. Mama yake, Matondo, anakaa Kinshasa. Asubuhi alipiga simu ya Kasongo, lakini njo minyi nilikuwa naishika, maana Kasongo alikuwa mufiwa, amekaa chini kwenye mukeka, nguo kichwani, hasemi na bantu.

Matondo akaniambia, "Mama Kasongo, naingia mu ndege sasa. Muningojee. Nimuone uso tu."

Nikamujibu aje, tutamungojea.

Ee, ndugu zangu! Roho yangu ilikuwa mubaya. Siku ya mahari nilimupikia huyu Matondo bukari, ugali yetu, na samaki ya kukauka ya Kinkondja, ile ya kuchagua. Akaziba pua na kitambaa mbele ya bakwe bote. Miaka kumi na moja nilichunga ile kitambaa mu tumbo.

Sasa Papa Numbi, mukubwa wa jamaa, akaniita. Mu kiwanja kizima ni minyi peke yangu niliyepanda ndege, siku ile nilipelekwa Kinshasa kwa munganga wa macho. Bazee betu ni bantu ba treni, masaa ya ndege habajui. Akaniuliza ndege kutoka Kinshasa inakamata masaa ngapi.

Nilijua. Masaa mbili na nusu. Unatoka asubuhi, unakula ya muchana kwako.

Nikasema, "Siku mbili, papa. Inalala Kananga."

Jua ilikuwa kali, maiti haiwezi kungoja siku mbili. Tukazika saa nne.

Balikuwa banarudisha udongo wakati ndege ilipita juu yetu, inashuka upande wa Base, kiwanja ya ndege ya jeshi. Papa Numbi akainua mukono, bantu ba koleo bakasimama.

"Ile ni ya nani?"

"Ya basoda, ba jeshi," nikamujibu.

Bakaendelea.

Matondo alifika na pikipiki mbele ya saa sita, vumbi mpaka kwenye nyusi, na robe mupya ya kumuvalisha mutoto wake. Papa Numbi akamwambia balichoambiwa, na aliyesema. Matondo hakunitukana. Aliomba aonyeshwe kaburi. Akatandika robe juu ya udongo ule mubichi, akaifunga vifungo, kimoja kimoja, mpaka shingoni.

Kasongo akatoa nguo kichwani, akaniangalia. "Mama, siku utakufa, nitafika kisha ya siku mbili."

Alienda na bana bake bote: Ngoy, Ilunga, na kale kadogo, Kabamba. Simu yangu hashiki.

Bamama munaosoma hii, kama uko na kinyongo na mukwe wako, mutukane akiwa mbele yako, muzima. Lakini mu kilio usishike simu. Mupe muntu mwenye roho safi, na bakikuuliza masaa, weye nyamaza.