Michai Iliyopogolewa Januari

Mwalimu wetu wa sayansi alichora mti ubaoni, kisha akauchora tena juu chini na kusema hayo ndiyo mapafu ya mtu. Kitu kinachotaka kufika kila mahali, alisema, iwe maji ndani ya jani, damu au hewa, hugawanyika, kisha kugawanyika tena, hadi kiwe chembamba kama uzi. Nilicheka, maana mchoro ule ulikuwa mchai wetu mtupu.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na michai yetu, upande wa Mogogosiek, ndiyo iliyotulisha. Baba alikuwa amekufa. Mdogo wake alilitaka shamba na hakuficha; alitaka mama arudi kwao. Kumfukuza mjane wa nduguye kungemwaibisha kanisani, kwa hiyo akaamua kumsaidia. Msaada wa yule mtu, Mungu apishe mbali.

Alikuja na panga Januari, jua likichoma. Kwetu chai hupogolewa miezi ya baridi, na kila mchai huachiwa tawi moja lenye majani liendelee kuvuta maji mpaka machipukizi yatokee. Baba mdogo aliyajua hayo tangu utoto. Alifyeka safu baada ya safu.

"Shemeji, wacha hata tawi moja kwa kila mti," mama alimwomba. "Itakauka yote."

"Hii chai ni ya ndugu yangu. Wewe ulikuja hapa na mwiko tu."

Akarudi nyuma kukata vijitawi vilivyomponyoka. Hata yale matawi yaliyoanguka, ambayo hutandazwa juu ya visiki kuvikinga na jua, aliyabeba kwake yakawe kuni. Nilimchukia palepale, na sijaacha.

Magome yalipasuka. Kila asubuhi mama alikwaruza visiki kwa ukucha akitafuta kijani, akakuta kahawia. Mvua ilipofika hakukuwa na cha kuchuma. Tukahamia chumba cha kupanga Kapsoit, mama akawa anauza maziwa sokoni. Baba mdogo aling'oa visiki akapanda mahindi, akawaambia watu kwamba mama hakujua kutunza chai.

Miaka michache baadaye kifua kilimshika. Akiwa hospitalini alituma watu wamlete mama, kwa sababu aliogopa kufa kabla hajasamehewa naye. Tulikwenda wawili. Daktari alikuwa ameinua picha ya kifua dirishani. Karibu pande zote mbili, vile vijitawi vyembamba nilivyovijua tangu darasani vilikuwa vimemezwa na weupe.

Baba mdogo alikuwa mifupa na macho.

"Shemeji," alisema, akitafuta hewa baada ya kila neno, "niambie tu umenisamehe. Nipumzike."

Mama aliitazama ile picha, kisha akamuuliza daktari, "Huyu ameachiwa nini?"

"Upande wa kulia, hapa juu, bado kunapita hewa kidogo."

Mama akakaza fundo la leso yake, akainama karibu kabisa na sikio la mgonjwa. Nilidhani atamsamehe. Nilisali asimsamehe.

"Una bahati, shemeji," akamwambia. "Wewe umeachiwa tawi moja."

Akanishika mkono, tukatoka.