Fungate ya bei chee Kisiwani, na mwezi ulivyonivurugia hesabu

Shilingi elfu thelathini na tisa.

Hiyo ndiyo gharama ya fungate yangu, wakuu. Boti kwenda na kurudi watu wawili, chakula, malazi, na soda moja tuliyogawana. Nimehesabu mara mbili. Kama kuna mtu humu amefanya fungate kwa chini ya hapo ajitokeze, nimpe heshima yake.

Salamu kwenu wote, mlio macho na mnaosoma mkiwa kazini. Haya yamenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi. Chumvi yenyewe kule ni ghali.

Kwanza wahusika. Mimi ni mtu wa Ujiji, nauza spea za pikipiki pale Mwanga. Mke wangu Sada ni wa Mwandiga, anauza mawese sokoni. Tulijuana nikimwomba apunguze bei ya dumu la lita tano. Hakupunguza. Nikarudi wiki iliyofuata, hakupunguza. Mwisho nikaona nafuu ni kuoa.

Siku ya posa nilimwahidi fungate Kisiwani.

Wageni wa Kigoma msihangaike kutafuta kwenye ramani. Si kisiwa, ni rasi. Lakini nyuma kuna mlima, barabara hakuna, unafika kwa boti tu, ndiyo maana sisi tunapaita Kisiwani. Kwa kuwa kila kitu kinakuja kwa boti, hata yai lina nauli yake.

Kule kuna lodji moja ya wazungu na watu wa Dar. Bei zao ni za dola. Ubavuni, baada ya mawe kadhaa, kuna kambi ya wavuvi wa dagaa. Mtoto wa mjini huoni uhusiano hapo. Mimi niliuona haraka: mchanga ni ule ule, ziwa ni lile lile, upepo ni ule ule. Tofauti ni taulo.

Nikapata namba ya Mama Neema, anayepikia wavuvi na kusimamia vyumba vya kambi.

"Vyumba vipo, baba," akaniambia. "Usiku kambi tupu, wote wako ziwani. Elfu kumi."

Nikakubali. Nikamtangazia Sada, Sada akawatangazia dada zake wote watatu. Kumbukeni hilo la dada zake.

Baada ya siku mbili Sada akasema anataka picha za mwezi mpevu juu ya maji. Ombi halina gharama, nikalipitisha. Nikampigia tena Mama Neema kusogeza tarehe mpaka mbalamwezi.

"Mbalamwezi, baba? Una hakika?"

"Nina hakika, Mama. Ndiyo raha yenyewe. Na kwa kuwa nasogeza, punguza elfu mbili."

Akacheka. "Haya. Karibuni, mtatukuta wote."

Wakuu, nilikata simu nikiwa na furaha ya mtu aliyepunguziwa. Nikajisifu mbele ya Sada. Sada akauliza, "Amekubali haraka hivyo?" Nikamwambia ndiyo kipaji.

Siku ikafika. Tunashuka kwenye boti alasiri, mimi na begi, Sada na gauni jipya, na kambi nzima imejaa wanaume.

Wengine wanashona nyavu. Wengine wanacheza drafti. Mmoja anafua. Redio mbili zinashindana. Chumba chetu, nilipochungulia, kilikuwa na miguu minne iliyolala.

"Mama Neema," nikasema, "hawa hawaendi ziwani?"

Drafti ikasimama. Nahodha wao, mzee wa makamo mwenye kofia ya sufu, akaniangalia taratibu.

"Bwana mdogo ni wa wapi?"

"Ujiji."

Akawageukia wenzake. "Wa Ujiji huyu."

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika Kongo.

Kwa wasiojua: dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Unawasha taa juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga, unainua wavu. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina taa, dagaa hawana sababu ya kuja kwenye yako. Kwa hiyo mbalamwezi wavuvi wanakaa nchi kavu, wanalala kwenye vitanda vyao.

Na mimi nilijua. Ujiji ni kwa wavuvi, na babu yangu alikuwa mmoja wao. Najua kila mbalamwezi dagaa wanapanda bei, ninaweza kukutajia kwa kiasi gani. Bei naijua. Sababu yake ndiyo sikuwahi kuitilia maanani.

"Nilidhani mtoto wa Ujiji unaelewa," Mama Neema akasema, na wala hakuwa na hila. "Mbalamwezi wageni tunabanana. Mkeo atalala kwangu na wanangu, wewe utalala nje na hawa, juu ya nyavu."

Nikamtazama Sada. Alikuwa amekaa juu ya dumu, begi mapajani. Mwenye boti akapiga honi, anageuza kurudi Ujiji na ndiyo ya mwisho.

"Tunarudi?" nikamuuliza.

"Nimewaaga dada zangu watatu kwamba nalala Kisiwani na mume wangu," akasema. "Nikipanda hiyo boti, sishukii kwako. Napitiliza Mwandiga, na huko nitakaa."

Boti ikaondoka bila sisi.

Nikavuka mawe kwenda lodji. Mapokezi kulikuwa na dada mpole kweli. Akataja bei kwa dola. Nikamwomba airudie kwa shilingi, ikawa mbaya zaidi.

"Bila kifungua kinywa?"

"Kimo humo humo, kaka."

"Bila maji ya moto? Taulo tunalo."

"Taulo halipunguzi kitu, kaka."

"Tukiingia usiku sana na kutoka alfajiri?"

Akaniinamia kidogo. "Kaka, mna shida?"

"Hatuna shida, dada. Tuna fungate."

Akanipa glasi ya juisi ya bure. Niliibeba mpaka kambini bila kuinywa, nikampa mke wangu. Ndiyo kitu pekee nilichotoa mkononi mwa lodji ile.

Nikakuta kikao kimeshakaa bila mimi. Sada alikuwa amewaeleza kila kitu, pamoja na la elfu mbili. Nahodha akanyoosha kidole ziwani, kwenye chombo chake: mitumbwi miwili mikubwa iliyounganishwa kwa miti, katikati mbao.

"Hiki nacho kiko likizo," akasema. "Bi harusi, unaogopa maji?"

"Naogopa kurudi Mwandiga," Sada akajibu.

Basi ikawa shangwe. Godoro likatoka kwa Mama Neema. Chandarua kikafungwa kwenye miti ya kutundikia taa. Tukala samaki wa migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo, Sada akawaambia mawese yao yamechakachuliwa, wakakubali. Kisha wakatusukuma mita chache majini, kamba ikabaki imefungwa kwenye jiwe.

"Shemeji!" mmoja akaita kutoka ufukweni. "Akikuombea punguzo, mtose!"

Sada, ambaye hajui kuogelea, alilala na jaketi la kuokolea. Fungate yangu ilikuwa na mikanda mitatu ya kufungua. Lakini mwezi, wakuu. Ziwa lilikuwa jeupe mpaka ng'ambo. Alipiga picha mpaka simu ikazima, na alicheka kila chombo kilipotikisika. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka hivyo.

Asubuhi, baba na mama mmoja wa Dar wakaja kutoka lodji na vikombe vyao vya kahawa. Walikuwa wametuona usiku kutoka barazani kwao.

"Samahani, hii huduma ni ya lodji?" baba akaniuliza.

Kabla sijafungua mdomo, Sada akataja bei. Amekaa na jaketi lake, nywele zimevurugika, ametaja bei ambayo mimi ningeona aibu hata kuifikiria. Baba akaomba apunguze. Nilimhurumia, najua njia hiyo inakoishia.

Wakalipa ili walale humo usiku wa siku hiyo. Sada akagawana na Nahodha na Mama Neema pale pale. Mimi sikupata hata mia.

Sasa kila mbalamwezi chombo kinapangishwa, na Sada ndiye anayepokea simu za wateja akiwa sokoni.

Nilichojifunza: kabla hujapunguziwa bei ya kitanda, uliza mwenye kitanda leo analala wapi.

Tatizo langu ni hili. Juzi Sada kanikumbusha kuwa fungate ni siku saba, tumelala moja, ninadaiwa sita. Nikampigia Mama Neema aniambie bei ya chombo. Akasema, "Bei anapanga mkeo."

Nikaenda sokoni kwake Mwandiga. Nikamkuta anapima mawese. Akanitajia. Nikamwomba anipe bei ya mume.

"Hiyo ndiyo bei ya mume," akasema. "Ya wengine iko chini."

Mliowahi kupunguziwa bei na wake zenu, nipeni mbinu hapa chini. Mwezi unakaribia kujaa na mimi bado nahesabu.