Siku Niliyokaa Chini Katikati ya Mbio

Nakumbuka siku moja ya mvua za mwezi wa nne, miaka michache baada ya uhuru, nikiwa nimeketi katikati ya michai, vidole shingoni, nikihesabu mapigo ya moyo yaliyokataa kuhesabika.

Mwanangu, nilikuwa nimepita miaka arobaini na tano. Nilifanya kazi katika kiwanda cha chai upande wa Sosiot, na kila jioni baada ya zamu nilikimbia hadi mtoni na kurudi, nikijiandaa kwa mbio za maili sita za siku ya michezo ya shamba. Kila mwaka vijana walinicheka. Kila mwaka niliwapita zaidi ya nusu yao.

Nilikuwa na daftari. Nikifika juu ya kilima nilihesabu mapigo kwa dakika moja ya saa yangu ya mkononi, nikaandika. Kwa miaka miwili hesabu haikubadilika sana. Kisha, bila homa, bila kuongeza mwendo, moyo ukaanza mambo yake. Leo unakimbia kama umefukuzwa, kesho unadunda mara mbili na kunyamaza kidogo, kama mtu anayefikiria la kusema. Nami nikafanya nini? Niliandika hesabu ya zamani. Siku kumi na mbili nililidanganya daftari langu mwenyewe.

Usinishangae. Sisi tulitahiriwa huku watu wakitazama kope zetu, na aliyepepesa aliibeba aibu hiyo hadi uzeeni. Tulijua kwamba mwili ukilia, unanyamazishwa.

Jioni ile ya mvua macho yaliingia giza, nikakaa. Aliyenikuta ni Tabutany, mchumaji wa siku nyingi ambaye wote tulimwita Kogo, yaani nyanya. Alikuwa akirudi kutoka kwenye mizani ya kupimia majani, kikapu kitupu mgongoni.

"Arap Koech, siku hizi unachuma chai kwa makalio?"

"Nimechoka tu, Kogo."

"Uso umekuwa majivu, halafu unaniambia umechoka tu!"

Nikamweleza yote, hata habari ya daftari. Akatua kikapu.

"Siku ya mvua kikapu changu huwa kizito, na majani ni yale yale. Karani wa mizani hufanya nini? Huandika uzito wa jana?"

"Hapana. Hutia mkono aone maji."

"Basi hata yule karani mwenye roho mbaya amekushinda akili. Kesho uende hospitali. Na upeleke hesabu ya kweli, si hizo hadithi zako."

Nilienda. Daktari alisikiliza kifua changu siku tatu tofauti, na siku zote tatu moyo ulipiga vizuri kabisa. Hakunificha. "Mzee, sijui ni nini," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini kwa umri huu, acha mbio. Kaa na ng'ombe wako."

"Hujui ni nini, lakini unajua niache?"

Akacheka, nami sikucheka. Tulibishana hadi muuguzi akachungulia mlangoni. Mwishowe tukapatana: wiki sita za kutembea tu, kisha mbio za polepole, hesabu ya kweli kila siku, na moyo ukibadilika nisimame papo hapo.

Siku ya michezo ikafika. Maili ya nne ilipita mbele ya uwanja mzima, na hapo hapo ndipo moyo uliporuka. Rika langu lote lilikuwa limeketi pale, wanaume tuliotahiriwa pamoja. Miguu ilikuwa na nguvu bado. Ningeweza kujikaza. Nikakaa chini kwenye nyasi, nikashika shingo.

"Boiyot amekwisha!" kijana mmoja akapaza sauti, akiniita mzee kwa Kikipsigis. "Mleteeni kiti!"

"Kilete," nikamjibu, "na maji pia."

Watu walicheka, nami nikahesabu. Mwanangu, hata kisu cha jandoni hakikunidai ushujaa kama ule. Moyo ulipotulia nilitembea hadi mwisho, wa mwisho kabisa, kichwa juu. Kesho yake nilikuwa kwa daktari na daftari. Nilikimbia miaka tisa mingine, na mpaka leo hakuna aliyeweza kuniambia moyo ule ulikuwa na nini.

Basi nakwambia wewe unayeanza kuota mvi na bado unafunga kamba za viatu: mtu asikufukuze barabarani kwa sababu ya miaka yako tu. Lakini moyo ukibadili mwendo bila sababu, simama, hata kama dunia nzima inatazama. Andika ulichokiona, si ulichokitaka. Mpelekee anayejua kusikiliza, na akikosa jibu, rudi tena. Kunyamaza si uanaume.

Mungu akupe pumzi ya kupanda vilima vyako vyote, na akupe kinywa kisichoona haya kusema, "Hapa pananisumbua." Uzeeke ukiwa mbishi, na uzeeke ukiwa hai.