Anayegonga Ndani ya Wimbo

Juzi nilimkuta kwa fundi wa kompyuta, Kaloleni, mama mmoja mwimbaji kutoka Sagalla, ameleta kompyuta yake. Alieleza shida yake kwa sauti ya chini: "Kila nikirekodi, kuna mtu anagonga ndani ya wimbo."

Fundi akamrekodi ubeti mmoja, akafungulia spika. Ko, ko, ko. Nywele zilinisisimka.

"Ni draiva, ile programu ya kuendesha skrini, mama. Inaishikilia kompyuta, sauti inakatikakatika, ndiyo huko kugonga." Akaiondoa, akaweka ya zamani. Mama akaimba tena, ikatoka safi.

Akavua hedifoni polepole. "Marehemu mume wangu alikuwa akinigongea meza hivyo hivyo nikiimba."

Fundi akaikodolea macho kibodi. "Nikurudishie ile niliyoiondoa?"

Mama akavaa hedifoni tena. "Rudisha."

Sijawahi kuona mteja akibeba ubovu wake nyumbani kwa uangalifu namna ile.