Ndoo Mbele ya Picha ya Bustani

Picha yenyewe ilikuwa kubwa kama kitanda cha sita kwa sita. Mabibi wa Kizungu wa zamani wamejiachia majanini chini ya miti, magauni ya hariri yametanda, na mabwana wenye nywele za bandia wanawapigia gitaa. Hakuna aliyebeba hata kikombe. Niliwachukia, nasema kweli, maana wao wamekaa na mimi nasimama saa kumi na mbili mfululizo.

Nilikuwa mlinzi katika hoteli moja ya West Bay, huko nchi za Waarabu, na picha ililetwa kwa maonyesho. Amri ilikuwa moja: maji yasiisogelee. Nilishapewa onyo kwa kusinzia. La pili lingekuwa tiketi ya kurudi Tanga. Saa moja kabla ya wageni kuingia, akaja mama wa usafi, Mpemba, rika la mama yangu mzazi. Alijibana ukuta wa pili, kama alivyoagizwa, ndoo ya maji ya sabuni imemlemea mkono.

Sasa jamani, ningesimama tu nimkodolee macho? Miguu iliondoka yenyewe.

"Shikamoo mama. Lete nikupokee."

"Marahaba. Wacha mwanangu, wewe uko kazini."

Nami king'ang'anizi! Nikaishika ndoo, naye hakuachia, nikavuta kwa nguvu. Maji yakaruka. Zulia likalowa, na matone yakatua kwenye gauni la waridi la yule bibi wa katikati, yakaanza kuteremka.

Msimamizi wetu, Mkenya, akatokea mbio.

"Ni nani amemwaga hii maji?"

Nilifungua mdomo. Wallahi niliufungua.

"Mimi," akasema mama. "Nimeteleza."

Nikaufunga.

Kumbe picha ilikuwa na kioo mbele. Msimamizi alipangusa kwa kitambaa mara moja tu, kwisha habari. Lakini mama aliondolewa siku ile ile, akapelekwa Lusail kusafisha vyoo vya mafundi wa ujenzi, kwenye jua lile. Mimi nikabaki kwenye kiyoyozi, mwoga mkubwa, nikiwalinda wale mabibi.

Wiki kadhaa baadaye, siku ya Ijumaa, nilimwona yule mama mtaa wa Al Mansoura akitoka dukani na mifuko miwili mizito. Nilivuka barabara mbio, nusura nigongwe.

"Shikamoo mama," nikanyoosha mikono yote miwili.

"Marahaba mwanangu," akajibu, kwa upole kabisa. Mifuko hakunipa.