Mlango wa Lambert

Nikwambie ukweli, Lambert alikuwa akinikera. Mimi nauza machungwa nje ya maktaba ya umma huku La Rochelle, Johannesburg, yeye alikuwa mlinzi wa mlango, na kila nikitaka kuingia msalani lazima kwanza nimkabidhi kisu changu. Kisu cha kumenyea machungwa, jamani! Anakivingirisha kwenye gazeti, anakitia kwenye kopo la biskuti chini ya meza yake, kisha ananionyesha kibao cha mlangoni: picha ya bastola na kisu, vimepigwa mstari mwekundu.

"Mama Fauzia, si miye. Iko kibao."

"Wewe Lambert, siku nikitaka kuua mtu nitatumia ulimi," namwambia. Anacheka, lakini kisu kinabaki kwenye kopo mpaka nitoke.

Ni mtu wa Fizi, Kongo, mrefu, mpole, na alikuwa hakai kwenye kiti hata awe peke yake. Siku moja alinihadithia kwamba kijijini kwao wenye bunduki waliingia kila mahali isipokuwa kanisani. Jumapili waliziegemeza bunduki ukutani, nje, ndipo wakaingia kusali. "Hata wale walituchomea nyumba," akasema, "mlango ya kanisa waliheshimu." Sasa mtu kama huyo kampe mlango wake mwenyewe Johannesburg uone! Aliushika kama dini. Na kosa lake ni hilo tu: aliamini kibao kile kiliwekwa kwa ajili ya watu wote.

Nilimvumilia kwa sababu ya binti yangu. Fauzia akitoka shule huingia mle kufanya homework, maana chumba tunachopanga tuko familia mbili na televisheni isiyozimwa. Kiswahili anakisikia vizuri, ila ukimsemesha anakujibu Kizulu, basi tu kunichokoza. Lambert alikuwa anamkagua begi kama anavyomkagua mtu mzima, halafu anampisha. Nami nje namenya machungwa, roho yangu imetulia.

Mpaka akaja Bra Themba. Huyu ndiye mwenye magari ya kuvuta magari yaliyoharibika, mtaa mzima unamjua. Bastola iko kiunoni, na fulana ameichomekea nyuma yake makusudi ili tuione. Sheria ya hapa Lambert alishanieleza: mwenye leseni anaruhusiwa kutembea na bastola, ila aifunike na nguo isionekane. Na penye kibao kama kile haiingii kabisa.

"Baba, ninakuomba uifungie kwanza ndani ya gari," Lambert akamwambia kwa adabu.

"Mkwerekwere wewe, mgeni wa kuja! Umetoka kwenu uje kunifundisha sheria za nchi yangu? Leseni ninayo!"

"Leseni iko ya kubeba, baba. Kuingia nayo humu, hapana."

Akasimama katikati ya mlango, mikono nyuma. Mimi nilijua mwenzangu hana hata rungu. Mara akatokea mkubwa wake, msimamizi wa ile kampuni ya ulinzi. Nikasema alhamdulillah. Kumbe! Akampa Bra Themba mkono, wakacheka, akamgeukia Lambert: "Huyu ni mtu wetu. Mpishe."

"Basi tutoe kibao kwanza," Lambert akasema.

Wallahi hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtu anayeomba bisibisi. Lakini wiki ile haikuisha kabla hajafukuzwa, eti amemvunjia heshima mgeni. Nilipanda ofisini kwao kulalamika, wakaniuliza mimi kibali cha kuuza machungwa. Nikashuka na hasira zangu.

Siku hizi anapiga pasi suruali kwa Hénock, fundi cherehani wa Rosettenville. Nilimfuata hukohuko nikamfokea. "Kwani ungempisha ungekufa? Una watoto wewe! Mwenye nguvu mpishe!"

Akaweka pasi chini. "Mama Fauzia, yeye ningemupisha, na weye ningekutwalia kisu na uso gani?"

Nikazidi kukasirika, nikaondoka.

Jana nikaenda msalani kama kawaida yangu. Pale mlangoni kuna mlinzi mpya, amekaa, macho kwenye simu. Nikamnyooshea kisu. Hata hakukitazama. "Pita, mama, sharp." Miaka yote nilikuwa naitamani ruhusa ile, na jana ilinikaa vibaya. Nikaingia nacho mkononi, kisu kitupu, kinanuka machungwa, na hakuna aliyeniuliza.

Ndipo nikamwona Bra Themba. Amesimama kwenye mashine ya kopi, kando ya meza ya watoto, anasubiri karatasi zake huku anapiga mluzi. Fauzia amekaa hapo ameinamia hesabu. Kitako cha bastola kiko usawa wa sikio la mwanangu, akigeuka tu kitamgusa. Hakuna aliyeshtuka. Mtoto mwenyewe alikuwa ameshazoea, anajifutia tu kwa raba.

Nikapiga ukelele mle maktabani, mahali pasipotakiwa hata kikohozi: "Fauzia! Kusanya madaftari, toka!"

Watu wote wakageuka. Na walichokitazama, wallahi, ni kisu changu.